PROGRAMU IBADILIKE, DAFTARI LISIPOTEE

Wazee wetu walituachia neno hili: mali bila daftari hupotea bila khabari. Walilisema zama daftari lilikuwa kitabu cha kurasa kinachofungiwa kabatini, na adui zake walikuwa mchwa, mvua na moto. Siku hizi daftari la Chama chetu limo ndani ya kompyuta. Mchwa hawaliwezi tena, lakini limepata adui mwengine, naye twaona ni wa khatari zaidi kwa kuwa haji kwa sura ya adui. Huja kwa mkono wa fundi mwema, aliyeitwa na akalipwa, siku anayokuja kututilia toleo jipya la programu.

Wanachama wenzetu wamekwisha kusikia ya kuwa Halmashauri inafikiri kubadilisha programu ya daftari la wanachama kabla ya msimu ujao. Sisi hatulipingi jambo hilo. Programu tunayoitumia ilitungwa zamani, kwa kompyuta za Windows 10, na Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nazo zimechoka. Mtu akisema tusibadilishe kitu, maana yake ni kuwa tungoje mpaka mashine ife yenyewe katikati ya msimu, na hapo tutabadilisha kwa haraka na kwa khofu. Lakini twasema hivi: kabla fundi hajakaa mbele ya mashine, sharti tuwe tumekubaliana na tumeandika ni kitu gani kitakachobadilishwa, na ni kitu gani ambacho hakina ruhusa ya kuguswa illa kwa masharti yetu.

Na tujikumbushe ni kitu gani hicho. Katika daftari lile mna jina la kila mwanachama na mashamba yake, idadi ya mikarafuu, kilo alizopeleka msimu baada ya msimu, miche aliyopewa, mkopo aliochukua, na kila alicholipa katika mkopo huo. Mna jina la mrithi wake. Mwanachama akifariki, watoto wake hawana pa kuanzia illa mstari mmoja wa daftari. Na mwanachama aliyelipa deni lake kisha akapoteza stakabadhi, shahidi wake aliyebaki ni mstari huo huo. Ukifutika, atadaiwa mara ya pili, wala hatakuwa na la kusema.

VITU VIWILI MBALIMBALI

Chanzo cha khasara nyingi ni watu kudhani ya kuwa programu na daftari ni kitu kimoja, kwa sababu wanaviona katika kioo kimoja. Ni vitu viwili. Programu ni kama mizani ya kituoni. Ikivunjika tutanunua nyengine, na mfano wake upo madukani. Daftari ni ile hesabu iliyoandikwa baada ya kupima, na hiyo haiuzwi pahala popote duniani. Wenye nayo ni sisi peke yetu.

Tuchukue mfano wa Microsoft Access, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1992 na ambayo hutumiwa na ofisi ndogo nyingi. Katika Access mtu aweza kuweka vyote ndani ya faili moja: majedwali yenye majina na hesabu, na pamoja nayo fomu za kuandikia, ripoti za kupiga chapa na amri alizozitunga fundi. Ni rahisi kuanza hivyo, na kwa karani mmoja na mashine moja mambo huenda vizuri kwa muda. Taabu huanza siku fundi anapotaka kurekebisha.

Tuseme fundi anachukua nakala ya faili tarehe 1 Julai, anakwenda nayo kwake, na anafanya kazi mpaka mwisho wa Septemba. Muda wote huo karani hakulala: anaandika kilo za kila kituo, na mikopo, na malipo. Tarehe 1 Oktoba fundi anarudi na faili lake, analiweka juu ya lile la zamani. Mashine hainung'uniki. Programu inafunguka, ina rangi nzuri, ripoti zinatoka upesi kuliko kwanza. Majina yote yamo, na miaka yote iliyopita imo. Kilichokosekana ni miezi mitatu, nayo ni miezi ya mavuno. Hakuna atakayejua mpaka aje mwanachama na stakabadhi mkononi, aambiwe kuwa msimu huu hakupeleka hata kilo moja.

Dawa yake inajulikana, na ndani ya Access yenyewe kimo chombo cha kuifanya. Faili hugawanywa mawili. La kwanza lina fomu, ripoti na amri, nalo hukaa katika mashine ya kila karani. La pili lina majedwali peke yake, nalo hukaa pahala pamoja ofisini, na lile la kwanza husoma na kuandika humo kwa kiungo. Fundi akileta toleo jipya huliondoa faili la kwanza, huweka jengine badala yake, kisha huliunganisha na majedwali. Faili la pili liko pale pale. Fundi aweza kuleta matoleo kumi kwa mwaka, na hesabu za wanachama zisitikisike.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi yeyote, wa Access au wa programu nyengine, ni hili: daftari letu liko katika faili gani, na programu iko katika faili gani? Akijibu kuwa ni faili moja, kazi yake ya kwanza iwe kuligawa, kabla ya kutia rangi au ripoti mpya.

PAHALA PA KUKAA DAFTARI

Baada ya kugawanywa, sharti daftari liwe na pahala pake panapojulikana. Zamani mafundi wengi walikuwa wakiliweka ndani ya folda ile ile ya programu, yaani Program Files. Tangu Windows Vista, iliyotoka kwa watu wote Januari 2007, folda hiyo imefungwa, na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Ili programu za zamani zisikwame, Windows ikafanya hila. Programu ya zamani ikitaka kuandika katika Program Files, Windows huigeuzia njia kimya kimya, ikaandika katika nakala nyengine iliyo ndani ya folda za mtu yule aliyeingia, pahala paitwapo VirtualStore.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Karani wa asubuhi akiingia kwa jina lake, na karani wa jioni akiingia kwa jina lake, katika mashine moja na programu moja, kila mmoja huandika daftari lake, na hakuna anayeona aliyoyaandika mwenzake. Kisha akija fundi akanakili faili lililomo katika Program Files, atachukua lile ambalo halikuandikwa neno kwa miaka, na kwa nia njema ataliita daftari la Chama.

Tena kuna jambo la kifurushi cha kutilia programu. Kifurushi kikibeba daftari tupu ndani yake, kitalihesabu daftari kuwa ni mali yake. Siku ya kutia toleo jipya huenda kikaweka lile tupu juu ya letu, na siku ya kuondoa programu huenda kikaliondoa pamoja nayo. Fundi mwenye kuijua kazi hulitenga daftari na kifurushi. Programu yake ikifunguliwa hulitafuta daftari pahala pake. Likiwapo, hulitumia. Lisipokuwapo, husimama na kuuliza. Haiundi jipya kwa siri, kwani programu inayounda daftari tupu kila inapolikosa la zamani huwafanya makarani waanze kuandika upya, na baada ya wiki mbili Chama kina madaftari mawili yasiyopatana.

YALIYOWAPATA WENGINE

Huenda mwanachama akasema kuwa twawatisha watu kwa makosa ya mafundi wadogo. Basi na tuyaangalie makampuni makubwa, yenye mafundi kwa maelfu.

Novemba 2001 Apple ilitoa toleo la 2 la programu yake ya muziki, iTunes, kwa kompyuta za Macintosh. Kifurushi chake kilikuwa na amri ya kuliondoa kwanza toleo la zamani. Amri hiyo iliandikwa bila ya alama za kufungia majina, na kwa hiyo diski yenye nafasi tupu ndani ya jina lake ikasomwa vibaya. Baadhi ya watu walitaka programu ya nyimbo, wakafutiwa diski nzima. Apple ililiondoa toleo lile upesi na kutoa jengine. Mwenye diski ya jina la neno moja hakuona lolote. Sisi tulioandika "Daftari la Chama" kwa maneno matatu, je, tungalisalimika?

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10. Baada ya siku chache ikalisimamisha, kwa kuwa kulikuwa na watu waliofungua mashine zao wakakuta hati na picha zao hazipo. Watu hao waliwahi kuihamisha folda ya hati kwenda diski nyengine, na folda ya zamani ikabaki mahala pake. Toleo jipya lilidhani ya kuwa folda hiyo ya zamani ni tupu, likaifuta pamoja na vilivyokuwamo. Microsoft ilisema ripoti za kupotea kwa mafaili ni kama moja katika kila mashine 10,000 zilizotiwa toleo hilo. Kwa kampuni kubwa hesabu hiyo ni ndogo. Kwa chama chenye daftari moja, ile moja katika elfu kumi ikikuangukia wewe, umepotelewa na lote. Toleo hilo lilirudishwa tarehe 13 Novemba, baada ya kurekebishwa.

Na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Public Health England, idara iliyokuwa ikishughulikia afya ya umma huko Uingereza, iliacha wagonjwa 15,841 nje ya hesabu zake za siku za 25 Septemba hadi 2 Oktoba. Hesabu zilipitishwa katika mafaili ya Excel ya umbo la zamani, ambalo ukurasa wake haubebi zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikaanguka nje. Umbo jipya la Excel hubeba mistari 1,048,576, lakini aliyehamisha hesabu alitumia la zamani, na hakuna aliyehesabu upya upande wa pili. Lau wangalilinganisha idadi ya mistari iliyotoka na idadi ya iliyoingia, upungufu ungalionekana siku ile ile.

Katika mambo hayo matatu hapana mwizi hata mmoja. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake.

DAFTARI LINAPOLAZIMIKA KUGUSWA

Mpaka hapa tumesema daftari lisiguswe. Lakini kuna wakati sharti liguswe, kwa kuwa toleo jipya linataka kuandika mambo ambayo daftari la zamani halina nafasi yake. Hapo ndipo panapotakiwa ufundi hasa.

Tuseme daftari la zamani linahesabu kwa frasila, yaani ratili 35, kama walivyohesabu wazee wetu, na toleo jipya linataka kilo. Kila tarakimu itazidishwa kwa 15.88 hivi. Mwanachama wa frasila 100 atakuwa na kilo 1,588, na hiyo ni sawa. Lakini amri ile ikipita mara mbili, kwa sababu fundi alibonyeza tena, au kwa sababu mashine ya pili nayo imetiwa toleo jipya, mwanachama yule ataonekana ana kilo zaidi ya 25,000. Akiwa mwaminifu atacheka. Asipokuwa mwaminifu, Chama kitalia.

Ndiyo maana daftari lenyewe sharti libebe namba ya umbo lake. SQLite, programu ya kuhifadhi madaftari iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, na ambayo imo hata ndani ya simu tulizo nazo mifukoni, ina nafasi maalumu ya namba hiyo mwanzoni mwa faili. Fundi wa Access aweza kutengeneza jedwali dogo kwa kazi hiyo hiyo. Programu mpya ikifunguka husoma namba. Ikikuta 3, nayo yataka 5, hufanya hatua ya 4 na kuandika 4, kisha hufanya hatua ya 5 na kuandika 5. Ikikuta 5, haifanyi kitu. Hivyo frasila hugeuzwa kilo mara moja tu, hata mashine zikiwa kumi. Na tawi lililokaa miaka miwili bila ya kutiwa toleo jipya litapitishwa katika kila hatua kwa zamu yake.

Kila hatua iwe ya kufanyika yote, au isifanyike kabisa. Kwetu hapana haja ya kumweleza mtu maana ya kukatika umeme. Unguja ilikaa gizani mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika wakati programu imekwisha kugeuza wanachama 400 katika 900, tutakuwa na daftari la nusu frasila na nusu kilo, na hakuna mtu atakayejua mpaka umepita wapi. Access na SQLite zote mbili zina njia ya kuifunga kazi kuwa moja: ikikatika kabla ya kwisha, daftari hurudi kama lilivyokuwa mwanzo. Njia ipo, lakini haijitumii yenyewe. Fundi sharti aiandike katika programu yake, nasi sharti tumwulize kama ameiandika.

Wala hatua isikitupe kitu isichokielewa. Daftari la zamani lilikuwa na nafasi moja ya shamba, na kwa mwanachama mwenye shamba la urithi na shamba la eka tatu, karani aliandika yote mawili humo humo. Toleo jipya linataka kila shamba lipate mstari wake. Basi yale yanayogawika yagawiwe, na yale yasiyogawika yaandikwe katika orodha ya kutazamwa na mtu anayewajua wanachama. Safu ya zamani ibaki msimu mzima kabla ya kuondolewa, maana huenda ikahitajika kuamulia ugomvi.

Na programu ya zamani ikikutana na daftari lililokwisha kugeuzwa, ikatae kuliandika. Firefox, programu ya kusomea kurasa za intaneti, ilianza kujikinga hivyo katika toleo la 67 la Mei 2019: toleo la zamani likikuta kumbukumbu zilizokwisha kutumiwa na toleo jipya, haliziingilii. Pasipo kinga hiyo, karani mmoja tu aliyesahauliwa na toleo la zamani katika mashine yake aweza kuandika frasila ndani ya safu ya kilo msimu mzima.

NAKALA

Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi. Zao hili halikutoweka kwa sababu halikuwa lote pahala pamoja. Nakala ya daftari nayo ifuate mfano huo. Nakala iliyo katika mashine ile ile ya daftari, au katika droo ya meza ile ile, itaungua nayo na kuibiwa nayo. Moja na ikae ofisini, na nyengine katika kisiwa cha pili.

Kunakili nako kuna adabu yake. Daftari lisinakiliwe hali linaandikwa. Mtu akiwa amelifungua faili la Access, pembeni yake hutokea faili dogo ambalo jina lake huishia na "laccdb", na hiyo ni alama ya kuwa mna mtu ndani. Katika SQLite yaliyoandikwa karibuni huenda yakawa bado yamo katika faili la pembeni ambalo jina lake huishia na "wal", na mwenye kunakili faili kubwa peke yake huyaacha nyuma. Kwa hiyo makarani wote wafunge kwanza, ndipo nakala itolewe, au itolewe kwa njia ambayo programu yenyewe imewekewa kwa kazi hiyo.

Kisha nakala ifunguliwe katika mashine nyengine na ihesabiwe. Ofisi nyingi hujivunia nakala ambazo hakuna aliyezifungua hata mara moja, na siku ya shida huona ya kuwa walikuwa wakihifadhi faili tupu.

WANAOSEMA VYENGINE

Wako wanachama wasemao turudi kwenye vitabu vya karatasi. Twaheshimu maneno yao, kwani wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na katika hilo mna jambo la kufuatwa: kila mwisho wa msimu daftari zima lipigwe chapa, litiwe sahihi na Katibu na Mshika Hazina, lifungwe kabatini. Lakini vitabu peke yake havitoshi. Hakuna karani wa kujumlisha kwa mkono hesabu za vituo vyote na kumjibu mwanachama siku ile ile aliyouliza.

Wako na wasemao tupeleke kila kitu katika intaneti, pasiwe na programu ya kutilia wala faili la kulinda. Wanasahau ya kuwa daftari lililo katika mashine ya mtu wa mbali nalo hugeuzwa umbo kila toleo linapobadilika, tena usiku, bila ya sisi kuambiwa. Maswali yote tuliyoyataja yanabaki, na linaongezeka moja: siku tusipolipa, au siku mwenye mashine akifunga kazi, tutalipata wapi daftari letu? Tukipenda kwenda huko twende, lakini tuwe na nakala kamili mikononi mwetu, katika umbo linalosomeka bila ya programu yake.

MASHARTI TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo twaomba Mkutano Mkuu upitishe masharti haya, na yaandikwe katika mkataba kabla ya senti moja kulipwa.

Kwanza, daftari na programu viwe katika mafaili mbali, na pahala pa daftari paandikwe katika karatasi iliyo kwa Katibu.

Pili, kifurushi cha toleo jipya kisibebe daftari lolote, wala kisifute chochote nje ya folda yake.

Tatu, daftari libebe namba ya umbo lake, na kila hatua ya kugeuza ifanyike yote au isifanyike kabisa.

Nne, kabla ya hatua ya kwanza programu yenyewe itoe nakala yenye tarehe katika jina lake, na ikishindwa kuitoa, isiendelee.

Tano, toleo jipya lijaribiwe kwanza juu ya nakala ya daftari letu la kweli, pamoja na majina yake marefu na makosa yake ya zamani. Daftari la mfano alilolitunga fundi lina wanachama kumi wasio na matatizo, nalo halitatuonyesha kitu.

Sita, kabla na baada ya kugeuza yapigwe chapa mambo manne: idadi ya wanachama, idadi ya mashamba, jumla ya uzito wa karafuu kwa kila msimu, na jumla ya madeni. Yakipishana, kazi isimame mpaka sababu ijulikane.

Saba, Chama kiwe na neno la siri la daftari lake, na kiwe na uwezo wa kulitoa lote katika maandishi ya kawaida wakati wowote, bila ya kumwomba fundi.

Nane, programu isibadilishwe wakati wa mavuno. Zipo siku nyingi katika mwaka ambazo vituo havina foleni.

Huenda ikasemwa ya kuwa masharti haya yataongeza gharama. Kweli, fundi atataka siku zaidi, na siku za fundi zina bei. Lakini tulinganishe bei hiyo na ya kuwaita wanachama wote, mmoja mmoja, na stakabadhi zao, kulijenga upya daftari la miaka mingi. Na wengine wao wamekwisha kufariki, na stakabadhi zimeliwa na mchwa.

Kwa mwanachama mmoja mmoja tuna ombi dogo. Halmashauri inapotangaza siku ya kutia programu mpya, nenda ofisini wiki moja kabla, omba mstari wako upigwe chapa, uutie mfukoni. Nenda tena wiki moja baadaye, uombe wa pili, na uulinganishe na wa kwanza jina kwa jina, shamba kwa shamba, kilo kwa kilo. Ukiona tofauti, sema siku hiyo hiyo, hali nakala ya zamani ingali ipo.